Mguu Wangu wa Kulia na Sista wa Bara

Juma lililopita niliingia duka moja la leso pale Biashara Street, nikamkuta binti wa mwenye duka ameketi juu ya robota la vitambaa, mkono wake umetiwa plasta. Hata kabla ya kumaliza salamu nilijisikia nikimwambia, "Hebu chezesha vidole nione." Mamake akacheka, akaniuliza kama mimi ni daktari. Nikamwambia la, mimi ni mshoni tu, ila maneno hayo niliyapata zamani, na niliyapata kwa uchungu. Nawe ngoja nikusimulie.

Nilikuwa na miaka tisa, nikilelewa na bibi yangu mzaa mama katika nyumba ya ghorofa huko Mji wa Kale. Kazi yangu kila Jumamosi ilikuwa kuanua nguo juu darini. Ngazi zetu zilikuwa za mbao, zimesimama wima kama ukuta, na adhuhuri moja nilishuka na beseni la leso limenifika kidevuni, sioni ninapokanyaga. Nikakosa kidaraja. Nakumbuka harufu ya sabuni ya mche, na ya wali wa nazi uliopaliwa makaa jikoni, kisha mlio kama wa ukuni mkavu ukivunjwa. Ulikuwa mfupa wa muundi wa mguu wangu wa kulia.

Gari haliingii vichochoroni mwetu. Jirani yetu muuza maji aliteremsha madebe yake yote, nikalazwa juu ya godoro kwenye mkokoteni wake, na bibi akatembea kando ameushika mguu wangu kwa mikono miwili usitikisike, mpaka barabara kuu.

Hospitalini nilitiwa plasta kutoka pajani hadi karibu na vidole, mguu ukainuliwa juu ya mito miwili. Mchana tulikuwa tukiangaliwa na sista mmoja wa bara, mrefu, mpole wa mwendo, aliyemwita bibi yangu "nyanya" kwa lafudhi ya kwao. Kila alipopita alinibinya ukucha wa kidole gumba cha mguu huo mpaka ukawa mweupe, akangoja wekundu urudi. Kisha akavigusa vidole kuona kama vina joto, akasema, "Chezesha vidole nione." Mimi nilidhani ananichezea.

Siku ya pili mguu ulianza kuniuma vingine. Si maumivu ya kuvunjika tena. Ilikuwa kama nyama ndani ya plasta inafura na haina pa kwenda. Sikusema. Bibi alikuwa na neno lake, "Uchungu ni siri ya mwenyewe," na nililishika kama sura ya Kurani. Niliuma pindo la leso nikanyamaza. Saa ya kutazama wagonjwa bibi alikuja na mahamri ya moto, yananukia iliki, nami nikageuza uso.

Sista ndiye aliyeona. Alisimama, akayatazama mahamri, akanitazama mimi. Akanibinya ukucha, ule wekundu ulichelewa. Akakinyoosha kidogo tu kile kidole gumba, nikapiga yowe.

"Umeumwa tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Mbona hukuniambia?"

Bibi akadakia, "Mimi ndiye niliyemwambia avumilie. Mguu uliovunjika si lazima uume?"

"Nyanya, unisamehe," sista akasema polepole, "maumivu haya si ya kuvumiliwa. Mguu huu unakosa damu."

Bibi alikunja uso. Hakuzoea kukosolewa mbele za watu. Sista hakungoja. Aliondoa mito, mguu ukalala sawa na kifua, akatuma mtu amwite daktari. Daktari yu chumba cha upasuaji, jibu likaja. Akatuma tena, jibu lile lile. Mara ya tatu alikwenda mwenyewe, na alirudi naye, bado amevaa kofia ya kule ndani.

Plasta ilipasuliwa pande mbili, na pamba ya ndani ikakatwa mpaka ngozi ikaonekana. Sijui nikueleze vipi raha ile. Maumivu yalitoka kidogo kidogo, kama maji yanayokupwa, na vidole vyangu vikaanza kupata rangi. Sista alikaa kitandani kwangu akivishika saa nzima. Daktari alimwambia bibi kwamba lau tungengoja mpaka jioni, pengine ningeupoteza mguu. Bibi aliketi chini, buibui na yote, akalia waziwazi wodi nzima ikimtazama.

Kesho yake alileta mahamri ya kutosha masista wote. Akamshika yule wa bara mkono. "Mwanangu, mimi nimemfundisha kunyamaza," akasema. "Wewe mfundishe kusema."

Nilirudi nyumbani kwa magongo, na baada ya miezi nikatembea kule Mama Ngina, kando ya bahari, kwa miguu yangu miwili, nikila mihogo ya pilipili na ndimu. Leo ngazi zile za mbao zimeng'olewa, zimejengwa za saruji. Muuza maji hayupo. Sista alihamishiwa kwao bara kabla sijapata akili ya kumshukuru, na hata uso wake sasa naukumbuka nusu.

Bibi naye ametangulia. Lakini miaka yake ya mwisho, magoti yalipomsumbua, nilimpeleka kwa daktari. Alipoulizwa hali, nilitarajia aseme hajambo, kama alivyosema maisha yake yote. Akanyoosha leso mapajani, akasema, "Naumwa, mwanangu. Hapa, na hapa."