Sahani Nne za Mwinga

Uhuru ulikuwa haujatimiza miaka miwili pale chama cha wakulima wa Msambweni kiliponunua trekta dogo jekundu na Mwinga akakabidhiwa ufunguo. Alikuwa amewahi kuwa utingo kwenye mashamba ya miwa ya Mzungu, na maarifa yake yote ya trekta aliyapata akiwa amening'inia nyuma yake. Hilo hakulitangaza.

Muuzaji alimshauri achukue plau ya sahani mbili za chuma za kupindulia udongo. Mwinga akaja juu. "Mzungu alimie sahani nne, sisi wenye nchi tupewe mbili? Huu ni Uhuru au makombo?" Wanachama wakapiga makofi, na plau ya sahani nne ikaletwa.

Siku ya kulima kijiji kizima kilihamia shambani. Mwinga alishusha plau, akakanyaga mafuta, na trekta likanyanyua magurudumu ya mbele kama punda aliyelambishwa pilipili. Wanawake wakapiga vigelegele, wakidhani ndivyo linavyolima. Akafunga magunia ya mchanga mbele. Pua ikatulia, lakini magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale, yakachimba mashimo ya kuzikia watu, na injini ikazimika. Akaongeza magunia nyuma. Ikazimika upesi zaidi.

Kesho yake mambo yalikuwa yaleyale. Mzee Mbwana, mwenyekiti, alitazama mawingu. "Mwanangu, mvua haitungoji. Shamba lisipolimwa kufikia Ijumaa, ufunguo nitampa Katana." Katana huyo hata baiskeli ilikuwa ikimtupa.

Mwinga aliumia. Dawa aliijua: trekta lile lilikuwa jepesi na nguvu zake ndogo, na sahani mbili zingeweza kufunguliwa. Lakini azifungue mbele ya watu walewale waliompigia makofi? Heri afe.

Ndipo Asiya, binti wa shangazi yake, alipopanda akaketi juu ya boneti. Hao walikuwa watani, na matusi ya mtani hayakasirikiwi.

"Ewe kichwa cha koroma!" Asiya alipaza sauti. "Huyu ni mbuzi, nawe wamtwika mzigo wa ngamia! Sishuki hadi utoe sahani mbili. Kama u mwanamume, nishushe!"

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mwinga aliwageukia, mikono juu. "Mwaniona? Nitafanyaje na kichaa huyu?" Akafungua bolti huku akilalamika kwa sauti kubwa, na moyoni akitamani kumbusu miguu.

Trekta likaenda taratibu, udongo ukipinduka vizuri. Hapakuwa na kioja tena, basi watu wakarudi makwao mmoja mmoja. Jumatano shamba lilikwisha, na aliyekuja kutazama ni Asiya peke yake.

"Nimelimaje?" Mwinga aliuliza.

"Vibaya sana."

"Na ulijuaje kwamba nitakubali kuzitoa?"

"Siku ile tangu asubuhi spana ilikuwa yatokeza mfukoni mwako," Asiya alisema. "Nilichoka kungoja haya zikuishe."