Saini ya Mkurugenzi

Mtabiri wa mvua wa idara ya hali ya hewa ana sauti ndogo, na akikasirika huzidi kuishusha, hata wenzake huinama ili wamsikie. Kila asubuhi hutoka mwenyewe uani kusoma kipimo cha mvua, kisha huandika akikandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini ipate alama. Jumatatu aliandika onyo la mafuriko akalipeleka kwa mkurugenzi, maana bila saini yake redio hailitangazi. Jumatano alilikuta palepale mezani kwake, limefunikwa na magazeti, naye mkurugenzi anakunywa chai.

“Dada yangu, usiwatie watu hofu bure. Mvua ni ya Mungu.”

“Mvua ni ya Mungu, mzee, lakini saini ni yako.”

Alinyakua simu ya mkurugenzi akampigia mwalimu mkuu wa shule ya bondeni. “Mwalimu, wapandishe watoto mlimani sasa hivi!” Alasiri mto ulifurika, ukasomba madarasa mawili matupu. Kesho yake alikabidhiwa barua ya kusimamishwa kazi. Aliisoma amesimama, akawageukia wenzake. “Maji ya jana yanafika mjini jioni hii. Nani amewaambia wakazi?”

Wote waliinamia meza zao.