Karai la Dagaa kwa Ajili ya Macho ya Mbwa

Pale Katonga, mwalo wa wavuvi kando ya ziwa, ukitaka mbwa wa kulinda boti ulikwenda kwa Melania. Mbwa wake weusi wenye vifua vipana, uzao wa jike mmoja aliyevushwa ziwa kutoka Kalemie, walisifiwa mpaka Kigoma mjini. Melania alipita mwaloni shingo juu, na hakuna aliyemlaumu.

Ndipo Esther akamharibia. Esther, muuza nyavu, alikuwa na jike mmoja tu, tena alipewa na Melania mwenyewe. Jike huyo alipofika miaka mitatu alianza kugonga nguzo jioni, kisha akapofuka kabisa, na mwanawe akafuata njia hiyohiyo. Mwingine angewaficha. Esther aliwapeleka kwa Wilfred, daktari wa mifugo, naye akasema ugonjwa huo anahisi ni wa kurithi, ila kuthibitisha lazima damu ipelekwe kupimwa Morogoro, na vipimo si vya bure. Wenye boti wakakubaliana: kila boti ikitua, karai moja la dagaa linawekwa kando, liuzwe kugharamia utafiti.

Tangu hapo mwalo mzima ukawa Esther, Esther. Kwenye vikao anakalishwa mbele. Akipita anaulizwa mbwa wameamkaje, kana kwamba ni wakwe zake. Melania roho ilimuuma, na tusiupake rangi, ulikuwa ni wivu mtupu.

"Mbwa nimempa mimi, sifa anakula yeye," alimwambia mdogo wake, Recho, huku akipepeta mchele kwa hasira hata kuku wakashiba.

"Sifa ya kuwa na mbwa vipofu, dada?"

"Sifa ni sifa."

Recho alijua kilichokuwa nyuma ya jiko. Melania naye alikuwa na vipofu wawili, na wengine wawili alishawazika. Mteja akija, aliwafungia. Alijiambia ni moshi wa jikoni, mara ni uzee, ingawa mbwa wa miaka minne hana uzee wowote. Siri ile ndiyo iliyomlisha. Nani atanunua mtoto wa ukoo wa vipofu?

Siku ya kutoa damu watu walijaa. Wilfred alimaliza kumchoma jike wa Esther, akamshika mbwa huyo mabega, akawaambia watu, "Hakuna mbwa muhimu kama hawa katika utafiti wetu."

Melania, aliyekuwa amesimama pembeni akiwa amekunja mikono, alishindwa kuvumilia.

"Muhimu? Hao wawili?" alisema. "Kwangu wako vipofu wawili na makaburi mawili. Mama yake huyo jike, na bibi yake, wote walipofuka wakiwa uani kwangu."

Esther alisimama polepole.

"Dada, siku unanipa yule mtoto, ulikuwa unajua?"

Melania alikuwa amejipalia makaa mwenyewe, na kila mtu alimwona.

Wilfred peke yake ndiye aliyefurahi. Alichora ukoo wote kwenye daftari, mbwa wa Melania juu, wa Esther chini kabisa. Kisha akamwomba Melania kwa upole asizalishe tena hata mbwa mmoja mpaka majibu yarudi. Ombi lenyewe lilikuwa la bure. Kabla ya Jumapili watoto wa mbwa wawili aliokwisha kuwauza walikuwa wamerudishwa mlangoni, na wateja waliobaki wakaanza kumsalimia kwa mbali.

Mwezi uliofuata alikuwa akipita mwaloni na kapu lake. Mvuvi mgeni aliuliza karai lile lililowekwa kando ni la nini.

"La ugonjwa wa mbwa wa Esther," akajibiwa.

Melania alikuwa ameshawapita. Alisimama, akaweka kapu chini, akarudi mpaka pale walipokuwa.

"Wa Melania," alisema. "Esther aliupata kwangu."