Mistari Aliyoifuta Amoni

Amoni alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuvumilia jedwali lenye mapengo. Pale Chapwa, karibu na mpaka wa Zambia, kwenye kibanda chake cha kuchapa na kutoa kopi, malori ya Zambia yangeweza kuziba barabara tangu asubuhi, honi zikapigwa, matusi yakarushwa kwa Kibemba na Kiswahili, yeye asiinue kichwa. Lakini kisanduku kitupu katikati ya faili la Excel kilimkera kama punje ya mchanga kwenye ugali.

Ndiyo maana chama cha wakulima wa kahawa cha huko kwao, milima ya Ileje, kilipomtumia orodha ya waombaji wa miche, aliifurahia kazi. Orodha ilikuwa ovyo. Vijana waliopita mashambani kuandikisha watu walijaza hapa, wakaruka pale. Katibu wa chama, Jenista, alimwomba aisafishe tu, maana atakayekuwemo ndiye atakayepewa miche mipya, ile inayostahimili magonjwa. Na mmoja wa waliokuwa wakiisubiri ni mama yake mwenyewe, bibi Tabita. Mibuni yake ya zamani ilikuwa imekauka yote. Alikwisha kuing'oa, akachimba mashimo, akayatia samadi ya ng'ombe, mvua ikaanza.

Mwingine angekaa akapitia mstari mmoja mmoja. Amoni aliona huo ni ushamba. Alikuwa amejifundisha kuandika programu fupi, na hii ilikuwa fupi kweli: soma faili, tafuta kila mstari wenye pengo, uondoe, hifadhi kinachobaki. Akabonyeza. Kabla hajameza chai yake, jedwali lilikuwa limenyooka, halina pengo hata moja. Alilitazama kwa raha, akalituma kwa Jenista, akaendelea na kutoa kopi za hati za kusafiria. Kompyuta haikumuuliza kwa nini mapengo yale yalikuwepo, naye hakujiuliza. Hapo ndipo ninapomlaumu.

Siku ya kugawa miche, simu yake ikaita.

"Baba," alisema mama yake, maana hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, "hapa wamesoma majina mpaka mwisho. Langu halipo."

"Haiwezekani, Mama. Orodha nimeitengeneza mimi."

"Halipo. La Priska pia halipo, wala la Enesi. Tumekaa na matenga yetu pembeni. Dereva anasema miche iliyobaki anairudisha Mbozi, wapewe wengine."

Hakulalamika. Angelalamika ingekuwa nafuu. Amoni alimwomba ampe simu Jenista, akamsihi azuie gari.

"Kaka yangu, dereva ana haraka," Jenista akasema. "Nitamtengea chakula ale. Akimaliza kula sina la kumwambia."

Amoni akafungua faili la kwanza. Safari hii aliiamuru programu ifanye kinyume: imwonyeshe ile mistari tu iliyoondolewa. Ikajipanga mbele yake. Wote walikuwa wanawake. Wajane, na wengine ambao waume zao wako mpakani wanahangaika na mizigo. Kila kitu walikuwa wamejaza, ukubwa wa shamba, namba ya simu, idadi ya miche. Pengo lilikuwa kwenye safu moja, ileile kwa wote: jina la mzee aliyelifungua shamba.

Akapiga tena. "Mama, walipokuandikisha, mbona hukuwaambia jina la mzee wa shamba?"

"Baba, na wewe unaniuliza swali hilo? Wale vijana walikuwa wageni, nikawasamehe."

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Huko kwao mke halitamki jina la baba mkwe wake. Halitamki akiwa hai, halitamki akiwa kaburini, na kama kuna chombo cha nyumbani kinachofanana na jina hilo atakitafutia neno jingine. Mzee aliyelifungua lile shamba alikuwa baba mkwe wa Tabita. Aliitwa Amoni. Mjukuu alirithishwa jina, na tangu amzae, mama yake hakuwahi kumwita hivyo hata mara moja. Amoni alikua akidhani "Baba" ni la kumdekeza. Alikuwa ameishi ndani ya desturi ile tangu utotoni, kisha akaifuta kwa kubonyeza kitufe.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Niandike nani?"

"Andika unavyoitwa na watu."

Akaandika. Kisha akamwomba Jenista awaulize wale wengine, si jina la mzee, bali ni mjukuu gani aliyerithi jina lake. Wanawake wakacheka, wakajibu bila shida: mtoto wangu wa pili, yule wa kwa shemeji, yule fundi baiskeli. Jenista aliwajua wote, akataja, Amoni akajaza, na dereva alipokuwa ananawa mikono orodha mpya ilikwisha kufika kwenye simu ya katibu. Gari likashusha miche.

Jumapili, baada ya ibada, Amoni alipanda milimani kumsaidia mama yake kupanda. Walifanya kazi bila maneno mengi, yeye akishusha mche, mama akishindilia udongo kwa viganja. Walipopumzika, Tabita alifuta mikono kwenye kanga.

"Hebu nionyeshe hiyo orodha iliyonikataa."

Amoni akaitafuta kwenye simu, akampa. Mama alisoma polepole, kwa sauti, kama anavyosoma Biblia. Alisoma jina lake mwenyewe, akasoma la baba yake, Yesaya, akasoma ukubwa wa shamba. Alipofika kwenye safu ya mwisho, ile ya mzee wa shamba, alinyamaza. Aligeuza uso pembeni, akavuta kanga kidogo kichwani, mwanamke mzima mwenye mvi, kama bibi harusi aliyefika ukweni jana.

Amoni hakummalizia. Alichukua simu, akaizima, akamshikia mche uliofuata.