Juisi Nzito ya Baba Esta

Ukifika kwenye mashine ya kukamua alizeti huku kwetu Mwankoko ukamuulizia Elisha, watakuonyesha mwanaume mrefu mwenye vidole vinavyong'aa. Huyo ndiye mume wangu. Ni Mnyiramba wa Ulemo, na mafuta anayajua kuliko anavyonijua mimi. Anachovya kidole, anasugua kwa gumba, anakwambia haya yamechujwa vizuri, haya bado, haya kuna mtu kayachakachua. Sijawahi kumwona akikosea. Kwa hiyo alipoanza kuchanganya mambo yake ya moshi, nikasema moyoni, huyu anajua anachokifanya.

Sigara alianza kuvuta tangu ujana. Halafu Jumapili moja akasimama kanisani, akatoa ushuhuda kwamba Bwana amemfungua, sigara basi. Watu walipiga vigelegele, mimi nililia kwa furaha mpaka kamasi. Hata haikupita muda wakamchagua mzee wa kanisa. Na ni kweli, sigara aliziacha. Ila hakuna aliyemuuliza ameshika nini badala yake.

Alikuwa ameshika sigara ya umeme, ile vijana wanaiita vepu. Alipewa na Nikunj, mtoto wa mzee Gokaldas mwenye duka mjini, ambako Elisha hupeleka madumu ya mafuta. Kimdude chenyewe kinatiwa juisi, unavuta, linatoka wingu la moshi linalonukia. Juisi ilipoisha, kuagiza Dar ikawa kazi. Nikunj akamwonyesha namna ya kuchanganya mwenyewe: gliserini, na arki kidogo, ile wanayotilia keki. Vyote vipo dukani kwao.

Jamani, mwanaume akapata kazi! Akitoka mashineni anajifungia banda la kuku na vichupa vyake. Leo nanasi, kesho vanila, keshokutwa iliki. Kuku wangu wakaanza kunukia keki. Nikimtania, anacheka, anasema mwache mzee astarehe, si pombe hii. Lakini kitu kimoja kilimkera. Anavuta, anapuliza, anaangalia moshi unavyopotea, anasonya. "Nyepesi hii, Mama Esta. Haina mwili."

Siku moja akaja jikoni anachekelea peke yake. Alikuwa ametia mafuta ya alizeti, yale aliyoyachuja yeye mwenyewe.

"Kwani mafuta yanavutwa?" nikamuuliza.

"Esta tumemlea kwa mafuta haya haya. Tunakula kila siku ya Mungu. Yatamdhuru nani?"

Nikageukia sufuria yangu. Sisi huku mafuta ya alizeti tunayaamini kupita kiasi. Mtoto akibanwa kifua tunampaka, mzazi akitoka kujifungua tunamkaangia. Elisha akatikisa chupa, akavuta, akapuliza wingu zito likajaa jiko zima, mimi sioni hata sufuria. "Umeona?" akasema. "Hii sasa ina mwili."

Kikohozi kikaanza taratibu. Kikavu, hakitoi kitu. Nikachemsha tangawizi, nikachemsha majani ya mpera, wapi. Halafu pumzi. Akienda chooni anasimama katikati ya uwanja, ameshika ukuta, anajifanya anaangalia mahindi ya jirani. Ndoo ya maji ikamshinda, mtu anayebeba magunia ya alizeti! Mimi hofu ikaniingia, lakini nikiuliza anakuja juu. Asubuhi moja nikamkuta amekaa kitandani, midomo imebadilika rangi, anavuta hewa kwa mabega. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaruka uzio.

Hospitalini wakampiga picha ya kifua, wakasema nimonia. Wakapima kifua kikuu, hana. Wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano, wakamwekea oksijeni, lakini hali ikazidi kwenda chini. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, akainama kumuuliza, "Baba, shikamoo. Unavuta sigara?" Elisha akatikisa kichwa. "Kuna kitu kingine chochote ulichovuta?" Akatikisa tena.

Nilimwangalia nikadhani macho yananidanganya. Daktari alipoondoka nikamsogelea sikioni. "Baba Esta, mwambie ile juisi."

Akanishika mkono. Hana nguvu za kunywa uji, lakini mkono ule aliukaza mpaka nikaumia. Akanishushua kwa Kinyiramba, neno moja, anapumua, neno jingine, anapumua. Alisema kanisa zima lilimpigia vigelegele. Alisema atachekwa mpaka Ulemo. Alisema nikifungua mdomo hatanisamehe, na akataka niape. Nikaapa. Ningefanyaje, na yeye anatumia pumzi yake ya mwisho kunibembeleza?

Lakini miguu yangu haikuapa. Nilikwenda nyumbani, nikachukua chupa kule bandani, nikaenda nayo moja kwa moja dukani kwa mzee Gokaldas. Nikunj alikuwa peke yake kaunta.

"Shikamoo, Mama Esta. Mzee anaendeleaje?"

"Marahaba. Hii ndiyo juisi aliyokuwa anavuta. Niambie ukweli, ina ubaya?"

Akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imekaa muda bila kutikiswa; chini juisi, juu tabaka la manjano limejitenga. Nikamwona rangi inamtoka usoni.

"Ni nini hiki juu?"

"Mafuta ya alizeti."

"Mafuta? Mama, mafuta hayavutwi! Yanaingia kwenye mapafu, yanakaa humo humo! Kuna watu wamekufa huko nchi za nje, nimesoma. Mimi sikumwambia atie mafuta, nakuapia, sikumwambia!" Alikuwa karibu kulia. "Daktari anajua?"

"Hajui. Ameniapisha."

"Basi utamzika na kiapo chako."

Mama yangu, neno lile! Nikashika kaunta. Nikunj akafunga duka saa ile ile, akanipakia kwenye pikipiki yake. Njia nzima nasali, na sala yenyewe siijui, nasema tu Mungu wangu, Mungu wangu, nisimkute ameshafunikwa shuka.

Nilimkuta hai. Lakini nilimkuta na watu. Mchungaji amesimama upande wa kichwani, wazee wa kanisa wamezunguka kitanda, wanaimba kwa sauti ya chini wimbo tunaoimba tukisindikiza mtu kaburini. Nikataka kuwatimua. Daktari naye alikuwa ameingia, amekunja uso.

"Mama, afadhali umerudi. Dawa hazishiki, na sielewi kwa nini. Nafikiria kumpeleka Dodoma, ila sina hakika kama atafika. Nisaidie. Kuna kitu chochote hamjaniambia?"

Wakageuka wote, wananiangalia mimi. Elisha akafungua macho. Nyuma ya ile plastiki ya oksijeni akawa anatikisa kichwa, taratibu, hapana, hapana. Machozi yanamtoka. Nimeishi na mwanaume yule tangu nikiwa msichana na sikuwahi kumwona ananiomba kitu kwa namna ile. Niliogopa akifa kwa kunyamaza kwangu, niliogopa akipona anichukie, na mchungaji yuko pale ananikodolea macho.

Nikatoa chupa kwenye mkoba.

"Anavuta hii," nikasema. "Aliacha sigara akashika hii. Anachanganya mwenyewe, na ndani kuna mafuta ya alizeti. Amevuta kila siku, huo moshi wa mafuta."

Mzee mmoja akasema "Eti nini?" Daktari aliichukua chupa, akaitazama, akamwita muuguzi kwa sauti kali ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akawaomba wageni watoke. Kwangu akasema haraka haraka, tumbo linajua la kufanya na mafuta, pafu halijui. Lisipoweza kuyatoa linavimba. Akabadilisha dawa. Elisha alikuwa ameshageukia ukutani.

Siku zile zilizofuata sitaki kuzisimulia. Nilikaa kwenye benchi nimeshika shuka lake, nahesabu kifua kinavyopanda, kikichelewa kidogo tu nasimama. Mpaka siku wakamtoa oksijeni, na kifua kikapanda chenyewe.

Sasa yupo nyumbani. Daktari anasema pafu halitarudi lote kama zamani. Uzee wa kanisa amejiuzulu, na Jumapili hatoki. Na mimi hanisemeshi. Akitaka chumvi anamwambia Esta, "Mwambie mama yako." Nikiingia, anageuka. Shoga zangu wananiuliza kama siumii. Naumia, kwa nini nisiumie? Yapo mambo mengi ningependa kumwambia mume wangu na hataki kuyasikia. Lakini akininunia namna ile, nasikia pua yake inavyovuta hewa kwa hasira, ndani, nje, ndani, nje. Basi namwekea ugali wake mbele, nakaa karibu, nasikiliza.