Salma alifaulu mtihani wa IT Riyadh, kazi akanyimwa

Wakuu, habari zenu. Nimeona mnabishana kama kampuni za IT ziajiri kwa uwezo tu, au zitenge nafasi kwa walioachwa nje. Acha niseme nilichoshuhudia, bila kutia chumvi.

Miaka ya katikati ya 2010s nilikuwa Riyadh, naishi Malaz, fundi wa network kwenye kampuni ndogo. Wakenya wenzangu wengi walikuwa madereva na walinzi, so nilijiona nimebahatika.

Siku moja bosi akatangaza anataka wanawake kwenye team. Ofisi ikawaka moto.

Engineer mkuu alikataa. "Tutashusha viwango."

Bosi akamjibu, "Mtihani ni uleule. Atakayefaulu anaingia."

Nikamfikiria Salma. Familia yao ni Wazanzibari, wako Jeddah tangu 1964. Yeye amezaliwa hukohuko, mtaa wa Baghdadiyah, na degree ya kompyuta aliisomea online. Kila nikienda Jeddah nilikuwa nakula kwao. Nikampigia aje.

Alikuja na baba yake, Mzee Hamadi.

Wakuu, yule dada aliongoza mtihani! Engineer mwenyewe alitoka akasema, "Huyu tumchukue."

Kisha jamaa wa HR akaomba kitambulisho. Salma akatoa ikama, kile kibali cha mgeni.

"Kumbe si raia?"

"Nimezaliwa Jeddah."

"Nafasi za wanawake ni za raia. Za wageni ni za wanaume, sababu nyumba ya wafanyakazi ni ya wanaume. Halas, imeisha."

Nikamwangalia bosi. Akainamia simu yake.

Pale reception Mzee Hamadi alisimama akitabasamu. "Umepata, mwanangu?"

"Baba, wanasema mie si wa hapa."

Mzee aliletwa Jeddah akiwa mtoto wa kubebwa. Alikaa tena kwenye kiti.

Baadaye Salma alihamia Unguja kwa shangazi yake. Aliniandikia kwamba hata huko wanamwita Mwarabu. Ikama yake ikaisha akiwa kule. Baba yake alipofariki Jeddah, hakuweza kurudi kumzika. Alisikiliza dua kwa simu.

Nilichojifunza: watu wanaweza kugombania viwango kutwa nzima, na kumbe aliyevifikia hayumo hata kwenye hesabu yao.

Mnaosema uwezo unatosha, na mnaosema nafasi zitengwe, hebu niambieni: Salma angeingilia wapi?