Kibao cha Mlangoni kutoka Maskati

Wenzangu niliosoma nao skuli ya wasichana wana kundi la WhatsApp, na kila wakikosa la kusema hurudi kwenye safari ya Maskati. Tulikuwa kumi na wawili, kidato cha tatu, tumealikwa na skuli moja ya huko tukae nao wiki moja, wakatulaza hotelini. Wengi wetu tulikuwa hatujavuka hata kwenda Unguja. Bandarini Mkoani mwalimu wetu wa kike alituhutubia: "Msiguse kitu cha watu. Atakayenitia aibu nitamrudisha Pemba kwa miguu." Tulicheka, tukapanda boti. Tuliporudi, mabegi yetu yalikuwa yamejaa vitu vya watu.

Mmoja alileta vijiko viwili vya kwenye ndege. Mwengine alikusanya sabuni ndogo za hoteli, mpaka leo anajisifu kwamba aliogea hizo hadi mtihani wa kidato cha nne. Mimi nilinunua nge wa mpira sokoni, tukamlaza ndani ya mtoto wa meza ya mwalimu. Alipoifungua droo kutoa chaki alipanda juu ya kiti na kutoa shahada. Tuliadhibiwa sote, na sote tuliona imefaa.

Juzi kila mtu alituma picha ya alichobakiwa nacho. Mmoja akaniuliza, "Na wewe, kile kibao chako kiko wapi?" Niliweka simu chini nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Kibao chenyewe kilikuwa kile cha plastiki kinachoning'inizwa kwenye kitasa cha mlango wa chumba cha hoteli. Upande mmoja kijani, upande mwengine mwekundu, pote pameandikwa Kiarabu kwa herufi za dhahabu, na chini kabisa kulikuwa na mstari mdogo wa Kiingereza. Kwa huo mstari nilijua maana yake. Kijani: tafadhali safisha chumba. Nyekundu: tafadhali usisumbue. Nilikitia begini, kisha nikaukata ule mstari kwa mkasi wa kucha, nipate kuwatisha wenzangu kuwa ni talasimu niliyopewa na mzee wa Kiarabu. Walitishika kama dakika moja.

Nilipofika kwetu Ole, bibi yangu mzaa mama alikuwa amekaa uwani kwenye mkeka, amevaa kanga mpya. Yeye ndiye aliyenilea. Alikuwa amewaambia majirani kwamba mjukuu wake yuko Uarabuni, na sasa alikuwa akinitazama mikono. Fedha yangu yote ilikuwa imeishia kwenye nge na upuuzi mwengine. Sikuwa nimemletea hata tasbihi. Nikatia mkono begini, nikagusa kile kibao, nikakitoa.

"Nimekuletea hichi, Bibi."

Alikipokea kwa mikono miwili. Alikibusu, akakiweka kwenye paji la uso, kisha akajaribu kukisoma. Bibi alikuwa amehitimu msahafu mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, lakini maandishi ya msahafu yana irabu, zile alama za juu na chini zinazokuambia herufi itamkwe vipi. Kibao cha hoteli hakina irabu. Alikuwa kama mtu aliyeuona uso wa ndugu yake kwa mbali na asiweze kumwita jina.

"Hayana irabu hata moja," alisema kwa heshima. "Haya yaandikwa na wanavyuoni wakubwa."

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu, tungecheka, ingekuwa basi. Niliona aibu ya kurudi mikono mitupu, nikanyamaza, naye akakifunga kibao kwenye kitambaa cheupe na kukiweka ndani ya sanduku lake, pamoja na sanda yake.

Kwetu mtu akiumwa hufanyiwa kombe: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa yale maji. Bibi alijulikana kwa kombe zake. Wiki mbili baada ya kurudi kwangu nilimkuta amekitumbukiza kibao kwenye bakuli la maji, na mama mmoja jirani amekaa mbele yake na mtoto mwenye homa.

"Chapa hino haitoki," Bibi alimweleza, "ila baraka yatoka."

Mtoto akanywa. Alipona, kama watoto wengi wanavyopona, hasa wakiwa wamepelekwa hospitali pia. Basi habari zikaenea. Bibi akajipangia utaratibu wake mwenyewe, upande wa kijani kwa homa na tumbo, mwekundu kwa wanawake walioachwa wanaotaka waume warudi. Mimi ndiye niliyekuwa nikibeba bakuli. Nikiwaona wanawake watu wazima, wenye akili zao, wanakunywa "tafadhali safisha chumba" kwa Bismillahi na macho wameyafumba, nilitamani ardhi ipasuke. Kila mnywaji mmoja alinizidishia ugumu wa kusema. Nilimaliza skuli, nikaenda chuo Unguja, nikapata kazi mjini Chake, na kibao kikaendelea kufanya kazi.

Mwaka jana Bibi alianguka. Presha, figo, uzee, daktari alitaja vingi. Tukamrudisha nyumbani, nami nikaomba ruhusa kazini nikakae naye. Asubuhi moja aliniambia nifungue sanduku.

"Nitilie kile chetu kwenye maji, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyonitania tangu utotoni, kama mabibi wote wa kwetu. "Leo na mie nijitibu."

Nilikitoa kibao, nikashindwa kukitia majini. Nikakaa kitandani kwake nikamwambia kwamba ile si dua, ni maneno ya mlangoni hotelini, huku kwa kijani wanaambiwa wafanyakazi wasafishe chumba.

Alikiashiria kwa kidevu. "Na huku kwekundu?"

"Tafadhali usisumbue."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Ndo maana yule alokunywa kwekundu mumewe hakurudi," alisema, akacheka tena, na mimi nikacheka naye huku machozi yananitoka. Nikadhani nimevuka. Miaka yote ile ya kuogopa, kumbe ilikuwa ni hivi tu.

"Maneno si kitu," alisema alipopata pumzi. "Bismillahi niliitia mwenyewe. Alokupa ni nani?"

"Hakuna, Bibi. Nilikitoa mlangoni."

"Mwenyewe ulimwambia?"

"Sikumwambia."

Kicheko kilimtoka usoni polepole. Alikitazama kibao mkononi mwangu, hakukigusa.

"Basi umenishikisha haramu," alisema. "Na wana wa watu nimewanywesha."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa miaka kusamehewa uongo, na kosa lilikuwa jengine kabisa. Kwangu wizi ule ulikuwa mchezo wa watoto, hata hesabuni sikuutia. Kwake ndio uliokuwa kesi nzima, na kesi yenyewe alikuwa akienda nayo mbele ya Mola wake, kwa siku ambazo sote tulijua si nyingi.

"Katafute radhi," aliniambia. "Ya wenyewe na yangu."

Hoteli niliipata kwenye simu. Niliandika barua pepe, nikaeleza kila kitu, nikaomba watusamehe au waseme wanataka tufanye nini. Jibu lilikuja papo hapo. Bibi alinitaka nimsomee, nami nikamfasiria neno kwa neno: ahsante kwa kuwasiliana nasi, maoni yako ni muhimu kwetu, tunatarajia kukukaribisha tena.

"Wamesema wamesamehe?"

"Wamesema watukaribisha tena."

"Sikuuliza hilo."

Nikaandika tena. Nikapiga simu, ikapokelewa na mashine, ikanipeleka kwa mashine nyengine. Jibu la pili likawa lilelile, na la tatu. Nilitaka kuitupa simu kisimani. Kulikuwa na watu kule, wazima, wenye ndimi, na ningempata mmoja tu angesema neno moja akaendelea na kazi zake. Sikumpata.

Bibi naye hakungoja. Alituma wanawake wa mtaani waitwe, akaanza kuwaomba radhi mmoja mmoja. "Nilikunywesha kitu cha watu, mwanangu, nisamehe." Wao hawakuelewa anasema nini, walidhani ni maradhi, wakajibu, "Tumesamehe, Bi, tumesamehe." Mimi nilikuwa kando ya kitanda, nampepea kwa kipepeo cha ukili. Hakunitaja hata mara moja. Kila aliyeingia nilisema moyoni, kwa huyu nitasema ni mimi. Wakatoka wote.

Siku ya Ijumaa, baada ya watu kurudi kutoka msikitini, aliniuliza kwa sauti ambayo ilibidi niiname kuisikia.

"Wamejibu?"

Simu ilikuwa mkononi. Ilikuwa na jibu la nne, maneno yaleyale.

"Wamejibu, Bibi. Wamesamehe."

"Wamesema kwa kauli yao?"

"Kwa kauli yao."

Akashukuru Mungu. Akanishika kidole kimoja, akasema na yeye kanisamehe, kisha akalala. Alikufa Jumapili asubuhi, uso wake umetulia, kila aliyemuosha alisema hivyo.

Kabla jeneza halijainuliwa, mjomba alisimama barazani akauliza, kama ada, kama yupo aliyekosewa na marehemu, amsamehe. Wanaume wakaitikia kwa sauti moja kwamba wamesamehe. Hakuna aliyeuliza kama yupo aliyemkosea marehemu. Nilikuwa uwani na wanawake wenzangu, nakosha masufuria, na niliendelea kukosha.